Risala ya Wahudumu wa Afya ya Jamii kwa Mgeni Rasmi, Ukerewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Waheshimiwa viongozi wa kata na vijiji, waganga na wauguzi wa zahanati zetu, viongozi wa dini, wazee wetu, pamoja nanyi wavuvi na wachuuzi wa dagaa mlioanua mapema ili mje kutusikiliza, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanakikundi 32 tunaohitimu leo mafunzo ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii, tunakushukuru kwa kukubali kuvuka maji hadi hapa kwetu, visiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria. Tunajua safari hii si ya saa moja, na leo ziwa lilikuwa na mawimbi. Kwa hiyo hatuna haja ya kukueleza kwa maneno mengi jambo la kwanza tulilotaka kukueleza, nalo ni umbali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika mafunzo haya mkufunzi wetu alitufundisha kwa mapana habari za nchi ya Nepal. Mwanzoni wengi wetu tulicheka, kwa kuwa hatukuona mvuvi wa kisiwa chetu cha Ukara ana kitu gani cha kujifunza kwa mtu anayeishi kwenye theluji. Nepal haina bahari, imebanwa kati ya China na India, na eneo lake halifiki hata sehemu moja ya sita ya Tanzania, ingawa sensa yao ya mwaka 2021 ilihesabu watu karibu milioni 29. Ni nchi yenye kipato kidogo. Lakini kadiri mafunzo yalivyoendelea kicheko kilikwisha, kwa sababu huko mama mjamzito wa kijiji cha milimani hutenganishwa na hospitali na makorongo na njia za miguu, na huku hutenganishwa nayo na maji na upepo, na saa anazozipoteza njiani akiwa na uchungu ni zilezile.

Mwaka 1988 serikali ya Nepal ilianzisha mpango wa wanawake wa kujitolea katika afya. Vikundi vya akina mama vya kila mtaa vilimchagua mwenzao wanayemwamini, akapewa mafunzo ya msingi, akarudi kuishi palepale alipokuwa akiishi. Leo idadi yao ni takribani 50,000. Wakati huohuo, utafiti uliofanyika katika wilaya yao ya Sarlahi na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba watoto waliopewa vitamini A walipungukiwa na vifo kwa takribani asilimia 30. Kuanzia mwaka 1993 kazi ya kugawa matone hayo mara mbili kwa mwaka wakakabidhiwa wanawake hao, kwanza katika wilaya chache, na kufikia mwaka 2002 nchi nzima. Baadaye walifundishwa pia kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa ili kumtambua mwenye homa ya mapafu kabla hajazidiwa.

Matokeo yake yamo kwenye takwimu za taifa lao. Mwaka 1996, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 118 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta ni 33. Hatusemi kwamba mama huyo wa kujitolea mwenye mkoba ndiye aliyefanya yote hayo, kwa kuwa barabara, shule za wasichana na fedha za vijana wao wanaofanya kazi ughaibuni navyo vina sehemu yake. Lakini barabara ilichukua miaka mingi kufika kwenye vijiji hivyo, na yule mama alikuwa amekwisha kufika, kwa sababu hakuwahi kuondoka.

Tungependa pia kuwa wakweli kuhusu mahali ambapo mpango huo ulikwama. Vifo vya watoto wachanga, yaani wale wasiofikisha siku 28, vilikuwa 21 kwa kila 1,000 mwaka 2016, na mwaka 2022 vilikuwa 21 vilevile. Mtoto aliyezaliwa akiwa amechoka, au mama anayevuja damu, hahitaji ushauri wa jirani. Anahitaji mkunga, oksijeni, damu na chumba cha upasuaji. Tunalisema hili mbele ya waganga wetu ili isije ikadhaniwa kwamba wahudumu 32 wenye mikoba ni mbadala wa zahanati iliyokamilika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna jambo moja la Nepal ambalo lilizua mjadala mrefu darasani kwetu, na tunaomba utuvumilie tulieleze. Mwaka 2005 nchi hiyo ilianza kuwapa fedha ya njia akina mama wanaojifungulia kwenye vituo vya afya, na fedha hiyo haikuwa sawa kwa wote. Wa nchi tambarare alipewa rupia 500, wa vilimani rupia 1,000, na wa milima mirefu rupia 1,500. Waliona kwamba huduma ikitangazwa kuwa bure bado si bure kwa anayekaa mbali, na wakakubali kwamba kuwatendea watu haki si lazima kuwapa kiasi kimoja. Sisi wa visiwani tuliposikia hayo tulitazamana. Mama wa mjini Mwanza anayekwenda hospitali ya rufaa ya Bugando hupanda daladala au bajaji. Mama wa kisiwani huanza kwa kutafuta mtumbwi, kisha mashine, kisha petroli ya mashine, kisha nahodha aliye tayari kutoka usiku, na ndipo anapoanza safari yenyewe.

Tunatambua, na tunashukuru, kwamba nchi yetu nayo haikukaa kimya. Mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura, ambao ulijaribiwa huku Kanda ya Ziwa kabla ya kusambazwa nchini, humwezesha mama au mhudumu kupiga simu bila malipo kwa namba 115 na kutafutiwa chombo. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa Juni na Desemba. Kwa hiyo hatuombi mambo mapya yasiyojulikana. Tunaomba yaliyopo yavuke maji.

Na hapa turuhusu tukiri kosa letu wenyewe. Tulipoanza kujitolea, tulikwenda kwenye kambi za dagaa saa nne asubuhi tukiwa na kipaza sauti, tukatangaza habari za kichocho na kunawa mikono kwa watu waliokuwa wamelala baada ya kukesha ziwani na taa zao. Mzee mmoja alitoka bandani akatuuliza kwa upole kama sisi hulala na kuhubiriwa. Tangu siku hiyo kalenda yetu hufuata mwezi: wakati wa giza tunaenda kwa akina mama wanaoanika dagaa, na mbalamwezi inapotoka, uvuvi wa dagaa ukisimama na kambi zikijaa, ndipo tunapokutana na wavuvi. Hakuna mwongozo uliotufundisha hilo. Tulifundishwa na aibu.

Kichocho ndicho kinachotusumbua zaidi. Mayai yake hutoka kwa mgonjwa pamoja na kinyesi au mkojo, huangukia majini, huingia kwa konokono, na viluwiluwi vinavyotoka kwa konokono huyo hupenya ngozi ya mtu mwingine anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu. Watoto wetu shuleni hupewa dawa, nasi tunashukuru. Lakini mvuvi wa miaka 30 hayupo darasani, naye ndiye anayeshinda majini. Vilevile dawa humtibu mtu leo bila kumzuia kuambukizwa tena kesho, kama mwaloni, pale mitumbwi inapofikia nchi kavu, hakuna choo. Na choo kwetu si suala la elimu peke yake, maana kwenye mwambao wa mawe shimo halichimbiki. Wanepali nao wana mawe. Kipindupindu kilipozuka katika wilaya yao ya Jajarkot na wilaya jirani mwaka 2009 na kuua mamia ya watu, suala la vyoo liligeuka kuwa la taifa. Mwaka 2011 wakaandaa mpango mkuu wa usafi, wakaenda kijiji kwa kijiji na wilaya kwa wilaya, na tarehe 30 Septemba 2019 wakatangaza kwamba kujisaidia ovyo kumekomeshwa nchini mwao. Huenda wapo wanaoteleza bado, maana tangazo ni tangazo. Lakini walianza na kijiji, hawakuanza na bango.

Kwa hayo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaleta kwako maombi yetu. Tunaomba boti moja ya dharura yenye mashine, iwekwe chini ya zahanati na kuunganishwa na namba 115, ikiwa na fungu la petroli linalojulikana, kwa kuwa boti isiyo na petroli ni pambo la mwalo. Tunaomba dawa ya kichocho iwafikie wavuvi watu wazima, na ugawaji upangwe wakati wa mbalamwezi. Tunaomba fundi atakayetuonyesha namna ya kujenga vyoo vya kuinuliwa juu ya mawe. Mchanga, kokoto na nguvukazi tutatoa sisi, na uongozi wa mwalo umeshakubali kutenga eneo.

Ombi la mwisho linatuhusu sisi wenyewe, na tumesitasita kulisema. Wale wanawake wa Nepal hawalipwi mshahara. Hupewa posho ya sare na posho ndogo siku za kampeni na mafunzo, na wengi wamezeeka katika kazi hiyo. Wanasifiwa dunia nzima. Katika kundi letu, 21 ni akina mama wanaoishi kwa kuanika na kuuza dagaa, na siku moja ya kutembelea kaya ni siku moja ya dagaa kunyeshewa mvua. Tutaendelea kujitolea, hatuweki masharti. Tunaomba tu kwamba orodha ya wahudumu watakaolipwa posho katika wilaya itakapoandaliwa, majina ya watu wa visiwani yasisubiri awamu ya mwisho kwa sababu ya ugumu wa kuwafikia, maana ugumu huo ndio sababu ya sisi kuwepo.

Majina yote 32, pamoja na rejesta za kaya tulizotembelea, yamo kwenye jalada la kijani ambalo Mwenyekiti wetu atakukabidhi sasa hivi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi