Ufunguo wa siri usizaliwe kwenye kompyuta ya mtu mwingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona ni la mafundi peke yao, ingawa linagusa akiba za wakulima, kumbukumbu za wagonjwa na mishahara ya wafanyakazi hapa Moshi na kwa majirani zetu wa Arusha. Jambo lenyewe ni namna tunavyotengeneza na kubadili funguo za kompyuta, zile zinazozaliwa mbili mbili, mmoja wa siri usiotoka kwako na mwingine wa umma unaoweza kumpa yeyote, ambazo siku hizi ndizo zinazotuingiza kwenye seva za ofisi, yaani kompyuta kuu zinazohifadhi kumbukumbu, badala ya nenosiri la kuandika.

Mimi ni fundi kompyuta, na miongoni mwa ofisi ninazozihudumia ni SACCOS moja ya wakulima wa kahawa wa upande wa mlimani. Wakati fulani kampuni ya Arusha inayowahifadhia mfumo wao iliomba tuipelekee ufunguo wa umma ili itufungulie njia ya kuingia kwenye seva mpya. Kazi hiyo nilimwachia kijana niliyekuwa nikimfundisha. Aliandika amri ya ssh-keygen, inayotengeneza jozi ya funguo, bila kukosea, akapata mafaili yake mawili, akafungua folda, akachagua faili na kulituma kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 18. Akaniambia, "Fundi, tayari." Nilipolifungua faili hilo kwenye simu yangu nilikuta mstari wa kwanza umeandikwa BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY. Ulikuwa ufunguo wa siri, na hakuwa ameuwekea nenosiri.

Nilipomuuliza aliniita kwenye kompyuta yake, akanionyesha skrini, akasema, "Fundi, tazama mwenyewe, majina yanafanana." Na kweli yalifanana. Faili la umma huishia na herufi .pub, lakini Windows kwa kawaida huficha mwisho wa jina la faili la aina inayoitambua, na ukiwa na programu ya Publisher ya Microsoft, kompyuta hudhani kwamba kila kinachoishia na .pub ni kazi ya Publisher. Kijana aliona mafaili mawili yenye jina moja, la kwanza likiwa na picha ya programu ya kupangia vipeperushi, la pili likiwa jeupe halina picha yoyote. Akahitimisha, kama ambavyo mtu yeyote makini angehitimisha, kwamba lile lenye picha ya vipeperushi halihusiki.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu waliangalie faili ndani kabla ya kulituma, wasiliamini jina wala picha yake. Ufunguo wa umma wa aina hii ni mstari mmoja unaoanza na ssh-ed25519 au ssh-rsa. Ukikuta neno PRIVATE mahali popote, ondoa mkono kwenye kitufe cha kutuma.

Kilichoniumiza zaidi ni jibu la upande wa pili. Mhudumu wa kampuni ile alituandikia kwamba tuufute tu ujumbe, yaishe. Hayaishi hivyo. Ujumbe uliokwisha kupakuliwa kwenye simu 18 huwezi kuurudisha kwa kuufuta, na simu nyingine hupeleka nakala za kila kitu kwenye hifadhi ya mbali bila mwenyewe kujua. Kijana wangu naye alipendekeza tuweke nenosiri kwenye faili kwa amri ya ssh-keygen -p. Pendekezo lake lilikuwa la busara, ila amri hiyo huandika upya faili lililo mbele yako peke yake. Nakala iliyokwenda kwa watu inabaki wazi kama ilivyotoka. Dawa ilikuwa moja: tulitengeneza jozi mpya, tukapeleka mstari mpya wa umma, na tukasimamia mpaka mstari wa zamani ulipoondolewa kwenye faili la authorized_keys la ile seva, yaani orodha ya funguo za umma zinazoruhusiwa kuingia. Ilituchukua dakika kumi na tano. Fedha za wakulima wale zingeweza kukaa wazi mwaka mzima kwa sababu ya uvivu wa dakika kumi na tano.

Nadhani jina lenyewe nalo linatuchanganya. Tunasema "ufunguo wa umma," na mtu akisikia ufunguo anajua ni kitu cha kuficha, hivyo anaona vyote viwili vina uzito sawa. Mimi ninapofundisha hupenda kuuita kufuli. Unatengeneza kufuli lako na ufunguo wake. Makufuli unayagawa bure kwa yeyote, akafunge mlango wake nalo, lakini ufunguo mmoja unaoyafungua yote unabaki mfukoni mwako. Wazo hilo lilichapishwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakapata njia ya kulitekeleza ambayo hadi leo inabeba herufi za majina yao, RSA. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba wataalamu wa idara ya siri ya Uingereza walikuwa wamelifikia mapema zaidi, lakini kazi yao ilifichwa mpaka mwaka 1997. Uzuri wote wa ugunduzi huo uko hapa: watu wawili ambao hawajawahi kuonana wanaweza kuaminiana bila ya mmoja kumtumia mwenzake siri yoyote. Tukianza kutumiana ufunguo wa siri kwenye WhatsApp tunarudi nyuma ya mwaka 1976.

Sasa nije kwenye kubadili muundo wa funguo, maana hapo ndipo ninapoona watu wazima, wenye vyeti ukutani, wakijiumiza wenyewe.

Ufunguo ni namba kubwa mno, na namba hizo huhifadhiwa kwenye faili kwa mitindo mingi. Programu ya PuTTY ya kuingilia kwenye seva ukiwa mbali, iliyoanzishwa na Simon Tatham wa Uingereza na inayopendwa sana na mafundi wetu wa Windows, huhifadhi kwa mtindo wake unaoishia na .ppk. OpenSSH, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo na ndiyo yenye ssh-keygen, tangu toleo lake la 7.8 la mwaka 2018 huhifadhi kwa mtindo wake yenyewe, tofauti na ule wa zamani wa PEM. Programu nyingine zinataka mtindo wa PKCS#8, na vyeti vingi vya kidijitali, yaani mafaili yanayothibitisha utambulisho wa seva, vinavyoletwa kwa ajili ya mashine za Windows huja katika PKCS#12, yaani .pfx, ambamo cheti na ufunguo wake wa siri hukaa pamoja. Hata ndani ya PuTTY kuna tofauti: toleo la 0.75 la mwaka 2021 lilileta .ppk mpya ambayo programu za zamani haziwezi kuisoma. Basi fundi anakwama, anaambiwa faili halisomeki, mteja amesimama nyuma yake, na akitafuta msaada kwenye intaneti anakutana na tovuti inayomwambia abandike ufunguo wake hapa abadilishiwe bure. Anabandika.

Ndugu Mhariri, mtu aliyebandika ufunguo wa siri kwenye tovuti ameupeleka mwenyewe kwa mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, na hana njia yoyote ya kuhakikisha kwamba haukuhifadhiwa. Pale Mbuyuni ukimpa fundi wa funguo ufunguo wa nyumba yako akuchongee wa pili, angalau unakaa unamwangalia amechonga mingapi.

Na haja yenyewe haipo, kwa kuwa zana za kazi hiyo hazina gharama na nyingine tayari zimo kwenye kompyuta zetu. Kubadili muundo hakubadili ufunguo: ni kahawa ile ile imetolewa kwenye gunia ikawekwa kwenye debe. Mwenye .ppk anayetaka ufunguo wa OpenSSH, akiwa kwenye mfumo wa Linux, ataandika puttygen zamani.ppk -O private-openssh -o mpya, na akiwa kwenye Windows atafungua PuTTYgen na kuipata kazi hiyo kwenye menyu ya Conversions. Anayetaka kurudi kwenye PEM ataandika ssh-keygen -p -m PEM -f na jina la faili, ila kwanza atengeneze nakala, kwa sababu amri hiyo huandika juu ya faili lile lile. Aliyepoteza faili la umma asihangaike, kwani ssh-keygen -y hulitoa tena kutoka kwenye lile la siri. Amri ya -e, ambayo wengi hudhani inatoa ufunguo wa siri, kwa kweli hutoa wa umma tu. Tangu mwaka 2018 Windows 10 yenyewe inakuja na zana za OpenSSH, hivyo hata yule asiyewahi kuiona Linux anaweza kufungua dirisha la amri na kuanza. Kazi yote hiyo inafanyika hata bando likiwa limekwisha.

Kwa upande wa vyeti vya kidijitali, zana yetu ni openssl, na hapo kuna neno moja dogo ambalo nimelifuta kwenye madaftari ya wanafunzi wengi: -nodes. Wanalinakili bila kujua maana yake, wengine wakilitamka kama wingi wa neno nodi. Maana yake ni "bila DES," DES ikiwa njia ya zamani ya kufunga maandishi kwa siri, yaani ufunguo wa siri uandikwe kwenye faili bila kufungwa kwa nenosiri. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 limepewa jina linaloeleweka zaidi, -noenc. Yapo mazingira ambayo seva inalazimika kujiwasha yenyewe baada ya umeme kurudi, na hapo ufunguo usio na nenosiri unaweza kuhitajika; lakini faili hilo liwe na ruhusa ya kusomwa na mwenyewe tu, lisizungushwe kwenye flashi. Anayenunua cheti naye akumbuke kwamba muuzaji anahitaji ombi lenye ufunguo wa umma peke yake. Muuzaji anayejitolea kukutengenezea na ule wa siri "kukurahisishia kazi" mshukuru, kisha ukautengeneze mwenyewe.

Wako watakaouliza kama kweli mahali ufunguo unapozaliwa pana uzito kiasi hicho. Jibu tulipewa mwaka 2008. Kuanzia Septemba 2006 hadi Mei 2008 mfumo wa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, ulisambaza openssl iliyokuwa imeondolewa sehemu muhimu ya kukusanya namba zisizotabirika ambazo funguo hutokana nazo, na matokeo yake ni kwamba kwa kila aina na urefu wa ufunguo kwenye kompyuta za aina moja kulikuwa na funguo zipatazo 32,768 tu ambazo zingeweza kuzaliwa. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida angeweza kuzitengeneza zote na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Watu walitazama funguo zao wakaona ni ndefu, zimejaa herufi zisizoeleweka, wakaridhika. Ufunguo dhaifu haujioneshi kwa macho.

Mwaka 2024 ikaja habari nyingine, safari hii ya PuTTY: matoleo ya 0.68 hadi 0.80 yalikuwa yakitumia vibaya funguo za aina ya ECDSA P-521, kiasi kwamba aliyekusanya sahihi za kidijitali zipatazo 60 zilizotolewa kwa ufunguo huo angeweza kuupata ufunguo wa siri wenyewe. Toleo la 0.81 lilirekebisha kasoro hiyo, lakini ufunguo uliokwisha kutumika na matoleo yale ni wa kutupwa. Nasisitiza hili kwa sababu nimekutana na fundi aliyeupitisha ufunguo wa aina hiyo kutoka .ppk kwenda OpenSSH akaamini ameuponya. Debe jipya haliponyi kahawa iliyooza.

Kwa anayeanza leo, ssh-keygen -t ed25519 inatosha kwa kazi nyingi, na ikilazimu RSA, zana yenyewe huchagua urefu wa biti 3,072 usipoiambia vinginevyo. Funguo za RSA za biti 1,024 ambazo bado naziona kwenye mitambo ya zamani zistaafishwe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde, na mwenyekiti wa SACCOS hawezi kuzilinda ikiwa fundi wake anagawa funguo kwenye makundi ya simu. Ndiyo maana naviomba vyuo vyetu vya Arusha na Moshi, kuanzia vya VETA hadi Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, vimpime mwanafunzi wa kompyuta akiwa mbele ya dirisha la amri: atengeneze jozi, aigeuze kutoka muundo mmoja hadi mwingine na kuirudisha, kisha amkabidhi mwalimu faili moja tu kati ya mawili. Akikabidhi lile lisilo sahihi, arudie mtihani. Kampuni zinazohifadhi mifumo nazo, zikiletewa ufunguo wa siri kwa makosa, ziukatae kwa maandishi na zidai jozi mpya siku hiyo hiyo.

Kijana wangu sasa ana kazi yake mwenyewe mjini Arusha. Wiki iliyopita alinipigia simu kwamba mteja amemtumia faili la .pfx pamoja na nenosiri lake katika ujumbe mmoja, na kwamba amemrudishia akamwambia waanze upya. Mteja amekasirika, na kijana anauliza kama amefanya vibaya. Nimemwambia asimame hapo hapo.

Wako,
Fundi kompyuta,
Majengo, Moshi.