Detekta ilingane kwanza na udongo wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na vijana wa Moshi na Arusha wanaonunua mashine za kugundua metali, ambazo wengi tunaziita detekta. Natumia yangu kwa miaka kadhaa sasa hapa Moshi, na mara kwa mara naletewa mashine za wenzangu zinazosemekana ni mbovu kwa sababu zinalia hovyo kila zinaposogezwa ardhini. Nyingi huwa nzima kabisa, ila hazijasawazishwa na udongo.

Udongo wetu umetokana na miamba ya volkano ya Kilimanjaro na Meru, nao una chembe za magnetaiti, ule mchanga mweusi unaonaswa na sumaku. Koili ya detekta, yaani lile duara la nyaya lililo chini ya mpini, hupeleka ardhini uga wa sumaku unaobadilikabadilika, na metali ikipatwa na uga huo huzuka ndani yake mkondo mdogo wa umeme ambao mashine huuhisi. Magnetaiti nayo huuvuruga uga huo, kwa hiyo anayepandisha wepesi wa kuhisi hadi mwisho, akidhani atafika kina kirefu zaidi, huishia kuisikiliza ardhi tupu. Nilifanya kosa hilo msimu mzima, nikachimba mashimo yasiyo na kitu, na nusura niuze mashine yangu.

Anayeanza atafute mahali pasipo na metali, aweke simu mbali, kisha ainue na kushusha koili kati ya sentimita 5 na 20 kutoka ardhini huku akirekebisha kitufe cha kusawazisha, mpaka sauti isibadilike koili ipandapo wala ishukapo. Baada ya hapo apunguze wepesi wa kuhisi hadi kelele zitulie. Akitoka kwenye shamba la kahawa na kuingia kwenye mchanga wa kando ya mto, arudie kazi hiyo yote, kwa kuwa udongo umebadilika.

Nawasihi pia wasianze na uwanja wa watu. Fukia nyuma ya nyumba yako msumari, kizibo cha soda, sarafu ya shilingi 200 na kipande cha karatasi ya aluminiamu, kila kimoja peke yake katika kina cha sentimita 10, uzoee sauti zake kwa siku kadhaa. Koili iende sambamba na ardhi bila kunyanyuka mwishoni mwa mkupuo, yaani kila unapoipitisha upande mmoja hadi mwingine, kama panga la mfyeka majani, na kila mkupuo upitie sehemu ya ule uliotangulia. Tena usiharakishe kuchuja sauti ya aluminiamu, yaani kuipanga mashine isiililie, kwani pete ndogo ya dhahabu hulia karibu sawa nayo.

Linaloniuma zaidi ni vijana kuuziwa mashine hizi kwa ahadi ya tanzanaiti ya Mirerani. Tanzanaiti ni kito na si metali, hivyo detekta haiwezi kuihisi hata ikiwa juu ya ardhi. Wanaosaka mali inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani nao wajue kwamba kinachoweza kuonekana ni heller ya shaba, sarafu ya enzi za utawala wao, au senti ya Afrika Mashariki yenye tundu, na kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale, kama vile utafutaji wa madini unavyohitaji leseni. Upande wa Kahe, karibu na Moshi, kulipiganwa mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Atakayefukua kitu kinachofanana na kombora asikiguse, bali aweke alama kwa mbali na kuwaita polisi.

Kwa wauzaji nina ombi moja: mteja apewe maelekezo ya Kiswahili, na mashine isawazishwe mbele yake, juu ya udongo halisi, kabla hajalipa.

Mtumiaji wa detekta,
Moshi