Barua kwa Mwanangu Kuhusu Santuri za Babu Yako

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kusikia kwamba ukija Lamu unakusudia kuleta masanduku ya plastiki yenye vifuniko vya kubana ili tuzihifadhi santuri za babu yako. Nia yako ni njema, lakini masanduku hayo nakuomba uyaache. Hewa ya hapa ina unyevu mwaka mzima, na unyevu ukifungiwa pamoja na majalada ya karatasi hauna pa kutokea. Masika yakiingia, ukungu huanza kwenye karatasi kisha ukashuka hadi kwenye mistari ya sauti, ambako kuuondoa ni kazi kubwa. Wahifadhi wa maktaba hupendekeza nyuzijoto 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Hapa kwetu hatuwezi kukifikia kiwango hicho, kwa hiyo tegemeo letu ni hewa inayopita.

Chumba cha juu chini ya makuti, ulichokitaja, kina upepo, ila ni upepo wa chumvi, na wakati wa kaskazi joto lake ni kali. Mimi nimechagua chumba cha kati cha ghorofa ya kwanza, kisichofikiwa na jua. Zidaka zake, yaani vishubaka vya ukutani, ni nzuri kwa macho tu, kwa kuwa kuta za matumbawe na chokaa hupitisha unyevu. Hata kabati lenyewe litasogezwa mbele, mkono upite kati yake na ukuta. Litakuwa la mbao ngumu, lenye miguu, lisilo na milango, na mbele yake tutatundika kitambaa cha pamba cha kuzuia vumbi. Fundi mwambie mapema kwamba santuri 100 za inchi 12 pamoja na majalada yake hupita kilo 20, asije akatuwekea mbao nyembamba zikabonyea.

Zisimame wima kama vitabu, zisiinamiane wala zisibanwe. Santuri ya vinaili, yaani ya plastiki, ikilazwa chini ya mzigo penye joto hupinda, na iliyopinda sijaona bado njia ya kuinyoosha ninayoiamini.

Zile nzito za zamani, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Hizo si vinaili. Zimetengenezwa kwa laki, utomvu unaotokana na wadudu wa India, nazo hazipindi upesi bali huvunjika. Ni za aina ile ile aliyorekodia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay mwaka 1928, wimbo wa Kiswahili ulipoanza kuuzwa madukani na kufika majumbani kwetu. Usizipanguse kamwe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha laki na kufuta sauti yenyewe. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Za vinaili zinaweza kuoshwa, lakini kwa maji yaliyokenekwa, kwani maji ya kisima chetu yakikauka huacha chumvi katika mistari, na sindano hupita juu ya chumvi hiyo.

Badala ya masanduku, niletee mifuko ya ndani ya polithini laini. Ile migumu inayong'aa, ya PVC, usinunue hata ukiikuta kwa bei rahisi. Ikikaa muda mrefu penye joto hutoa kemikali zinazoacha madoa kwenye santuri. Anza na mifuko ya inchi 7, kwa ajili ya zile ndogo za chapa ya Mzuri zilizotolewa Mombasa, kwa kuwa nyingi zimebaki bila jalada na zinakwaruzana. Lebo zake pia zinachakaa, nazo ndizo zenye jina la mwimbaji na namba ya santuri. Kwa hiyo njoo na daftari lenye jalada gumu, tuyaandike yote kabla hatujazipanga kabatini.

Mamako anakusalimu.

Baba yako