Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mitende Yetu, Baridi na Maji

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote mlioko hapa Uingereza, pamoja na wenzetu wachache wa Uholanzi na Marekani mnaoshiriki nasi kwa simu na kwa barua. Kwa niaba ya kamati ya uongozi nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wapanda mitende kwenye nchi za baridi. Desturi yetu ni kuanza na mapato na matumizi. Mwaka huu mniwie radhi, naanza na msiba.

Wengi wenu mnaifahamu Butia yangu, mti wa jamii ya mnazi, ile iliyosimama pembe ya kusini ya bustani hapa Reading, yenye makuti ya kijivu yanayopinda hadi karibu kugusa nyasi. Novemba, redio ilipotangaza baridi kali, niliyakusanya makuti yake juu, nikayafunga kamba, kisha nikauzungushia mti mzima nailoni ya mapovu, mizunguko mitatu, kuanzia chini hadi kileleni, nikaziba viungo kwa utepe. Baridi ilikuja, ikakaa siku nne, ikaondoka. Mvua ikashika zamu, wiki baada ya wiki. Kila nikitaka kuufungua nilijiambia baridi inaweza kurudi.

Machi nilipokata utepe, harufu ndiyo iliyotangulia kunipokea, kama ya muhogo uliosahaulika kwenye maji. Makuti yalikuwa bado ya kijani, nikapata matumaini. Nikalishika jani la katikati, lile changa lisilofunguka ambalo sisi tunaliita mkuki, nikalivuta kwa vidole viwili. Likachomoka zima. Mwisho wake ulikuwa wa kahawia, laini, unateleza.

Waliokulia pwani hawahitaji maelezo ya maana yake. Mwembe ukiukata juu utachipua ubavuni. Mnazi ukishaharibika kilele, umekwisha, kwa sababu jamii yote hii ya miti hukua kutoka nukta moja tu, iliyofichwa katikati ya makuti. Inayookoka ni ile inayoota kwa vichaka, kama mkindu, ambayo shina moja likifa mengine hubaki. Butia si ya vichaka. Nilipitisha wiki sita nikikausha tundu lile kwa pamba, nikimimina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa duka la dawa, nikauwekea na paa dogo la kuzuia mvua. Mwisho wa Mei niliung'oa.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu katibu alipowapigia simu mmoja mmoja wanachama walioripoti miti kufa, hadithi ilijirudia. Mwenzetu wa Leicester alipanda Chamaerops, mtende mfupi wa vichaka, kwenye shimo la udongo wa mfinyanzi ambalo lilijaa maji kama beseni. Wa Croydon alihamisha mtende wake mwezi Oktoba, ukaingia baridini bila mzizi hata mmoja mpya. Wa Rotterdam alifunika wake kwa turubai, kama mimi nilivyofunika kwa nailoni. Tulikuwa tumejiandaa kupigana na baridi, na kilichotuua ni maji yaliyotuama, kileleni au mizizini.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tubadilishe mafunzo yetu ya msimu. Miaka yote tumefundisha kufunika kwanza. Kuanzia sasa tuanze na udongo. Anayepanda kwenye mfinyanzi ainue tuta, sentimita 30 au zaidi, achanganye changarawe na mchanga mkavu wenye chembe kubwa, wala asichimbe shimo refu akalijaza mboji, maana shimo la namna hiyo ndilo beseni lenyewe. Kupanda na kuhamisha kufanyike kuanzia mwisho wa Aprili hadi Julai, udongo ukiwa na joto, kwa sababu mizizi ya jamii hii haifanyi kazi kwenye udongo baridi. Kufunika kubaki kwa usiku wa baridi kali tu: makuti yafungwe juu, kilele kijazwe nyasi kavu, juu yake kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na vyote viondolewe kipimajoto kinaporudi juu ya sifuri. Wanaotumia nyuzi za taa wakumbuke kwamba taa za siku hizi za LED hazitoi joto la maana. Zinapendeza usiku, lakini mti utaganda huku unang'aa.

Sasa nije kwenye mazuri, nayo ni mengi.

Mkoma wetu wa baridi umetutoa kimasomaso tena. Kwa wanachama wapya: Kiswahili kina jina kwa kila mti wa jamii hii uliotufaa kwetu, yaani mnazi, mtende, mkindu, mkoma, mvumo, mwale, mchikichi, mpopoo, lakini hakikuwahi kuhitaji jina la mti unaosimama kwenye theluji. Trachycarpus fortunei una majani ya kipepeo, yaani yaliyotanda kama upepo wa kupepea kwa mkono, kama mkoma, ndiyo maana wazee wa chama waliuita mkoma wa baridi, na jina likashika. Ukishatia mizizi vizuri unavumilia hadi karibu nyuzi 15 chini ya sifuri. Asili yake ni China. Mskoti Robert Fortune aliuona kisiwa cha Chusan, na mwaka 1849 akatuma miche Uingereza. Baadhi ilikwenda bustani ya Kew, na mwingine ulipandwa Osborne, kwenye kasri la Malkia Victoria kisiwani Wight. Fortune alieleza jinsi Wachina walivyotumia nyuzi zinazozunguka shina kutengeneza kamba na makoti ya mvua. Mwanachama wetu wa Southampton, ambaye babu yake alisokota kamba za makumbi Pemba, alizichambua nyuzi za mti wake mwaka huu akasokota ugwe wa mita mbili hivi. Aliuleta mkutano wa Juni. Ulipita mkono kwa mkono, na mama mmoja aliunusa.

Wanaoishi sehemu za upepo mkali nawashauri watafute Trachycarpus wagnerianus, ambao majani yake ni madogo na magumu, hayachaniki ovyo. Na anayetaka mti wa chini, wa vichaka, Chamaerops humilis wa Hispania, Italia na Moroko anafaa pale ambapo baridi haizidi nyuzi 10 chini ya sifuri, mradi miguu yake iwe mikavu. Mwanachama mmoja alipita Padua, Italia, akaenda kuutazama ule uliopandwa mwaka 1585 katika bustani ya chuo kikuu. Mshairi wa Kijerumani Goethe aliukuta hapo mwaka 1786, tayari ukiwa na umri wa miaka 200. Umejengewa nyumba ya vioo. Mwenzetu anasema alisimama mbele yake muda mrefu, mashina yake membamba yakipanda hadi darini, akafikiria miti yake miwili ya Luton yenye umri wa miaka sita.

Swali lililoletwa mara nyingi mwaka huu lilihusu Rhapidophyllum hystrix, mtende wa kusini-mashariki mwa Marekani. Vitabu vinausifu kuwa shupavu kuliko yote kwa baridi, na kweli ndivyo. Mwenzetu wa Carolina Kaskazini anao na haufuniki kamwe. Huku kwetu wanachama watatu wameupanda na unatoa jani moja au mawili kwa mwaka, basi. Kinachokosekana ni kiangazi. Mti ule unavumilia baridi kwa sababu umeshiba joto miezi mitano iliyotangulia, na kiangazi cha Uingereza hakiushibishi. Sabal minor, mtende mwingine wa huko, una tabia hiyohiyo. Kwa hiyo msisome namba ya baridi peke yake kwenye lebo ya duka. Ulizeni pia mti unatoka kwenye kiangazi cha namna gani. Mwaka 2022 ulitupa pande zote mbili: Julai 19 joto lilifika nyuzi 40.3 kule Coningsby, Lincolnshire, na Desemba hiyohiyo jalidi ikaunguza bustani za nchi nzima. Miti iliyopita salama mwaka ule ndiyo mbegu ya kuaminiwa.

Niseme neno kuhusu Cordyline, maana bado inaletwa kwenye mikutano ikiitwa mtende. Ile miti inayopamba Torquay na miji mingine ya pwani ya kusini, hata Plockton huko Scotland, asili yake ni Nyuzilandi na haimo katika jamii ya mnazi. Ni jamaa wa mkonge. Desemba 2010, iliyokuwa Desemba ya baridi kuliko zote kwa zaidi ya miaka 100, iliua mingi hadi chini, kisha mingi ikachipua upya kutoka kwenye mizizi, jambo ambalo mkoma wa baridi usingeweza. Aliye nayo asiing'oe kwa haraka baada ya baridi. Aipe mwaka mzima.

Kuhusu ununuzi, kamati ina ombi zito, na tutalipigia kura. Tunaomba wanachama waache kununua miti mikubwa iliyoagizwa kutoka kusini mwa Ulaya. Najua raha ya kushusha kwenye lori mti wa mita tatu ukawa na bustani jioni hiyohiyo. Lakini huko inakotoka kuna wadudu wawili. Wa kwanza ni fukusi mwekundu, Rhynchophorus ferrugineus, aliyetoka Asia, akaingia nchi za Ghuba miaka ya 1980, kisha akamaliza mitende ya barabara na viwanja vya miji mingi ya Mediterania. Wenzetu wenye ndugu Oman wanajua alivyosumbua mashamba ya tende. Wa pili ni Paysandisia archon, nondo mkubwa wa Amerika Kusini, aliyefika Ulaya ndani ya miti ya kuuza. Kiwavi wake hutoboa kilele, na jani likifunguka unakuta matundu yamejipanga mstari kama limetobolewa na cherehani. Huyu anaupenda hasa mkoma wa baridi na Chamaerops, yaani miti yetu. Sisi tunaojua chonga, mdudu wa minazi, anavyouacha mnazi ukiwa nguzo tupu hatuna udhuru wa kumkaribisha mwenzake huku.

Badala ya kununua, tuoteshe. Siku ya mbegu iliyofanyika jikoni kwa katibu ilikuwa, kwangu, siku bora ya mwaka. Mbegu za mkoma wa baridi, mbichi, nyeusi-buluu, zenye umbo la figo, zilichumwa kutoka mti wa mwanachama wetu wa Bournemouth. Tuliziloweka siku mbili tukibadilisha maji, tukasugua nyama yake kwa mchanga, tukazifunga kwenye mifuko yenye mboji yenye unyevu kidogo tu, ile ambayo ukiikamua haidondoshi tone, tukazigawa. Weka mahali pa joto la nyuzi 20 hadi 25, juu ya kabati karibu na bomba la joto panatosha. Nyingi zilianza kutoa mzizi mweupe wiki ya saba na ya nane. Watoto walioshiriki wamekuwa wakinitumia picha za jani la kwanza, ambalo kwa kweli linafanana na unyasi. Wavumilie. Kipepeo kitakuja mwaka wa pili au wa tatu.

Lakini mti unaozaa nao una wajibu wake. Kusini mwa Uswisi, Ticino, ndege wamesambaza mbegu za mti huu hadi umejaa misituni, na tangu Septemba 1, 2024 nchi ile imepiga marufuku kuuuza. Miti hii ina dume na jike, kwa hiyo mwenye jike karibu na msitu au mto akate mashada ya maua yakichanua mwanzo wa kiangazi, au achume matunda yote kabla hayajakomaa. Mwanachama wetu wa Bournemouth amekubali kufanya hivyo.

Kuna suala la mkindu. Mama zetu kadhaa wameomba chama kiwasaidie kupata mkindu, Phoenix reclinata, ule wa ukindu wa mikeka, wakitaka kuupanda nje. Naelewa ombi hilo vizuri mno, nami nimelala juu ya mikeka hiyo. Lakini nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri zinatosha kuyaunguza majani yake, na baridi zaidi ya hapo itaumaliza. Kamati imeamua kununua mbegu za mkindu kwa ajili ya kupanda kwenye vyungu. Chungu kikae nje Mei hadi Oktoba kikinyweshwa kwa wingi, kisha kiingie ndani, penye mwanga, pasipo joto la kukaushia. Mama mmoja wa Slough anao wa miaka tisa kwenye pipa, ameufungia magurudumu. Amekata majani machanga, akayachana, akayaanika, akasuka kitanga kidogo cha kufunikia sinia. Kitakuwepo mezani siku ya mkutano mkuu.

Hesabu zitasomwa na mhazini. Kwa ufupi, ada zimetosha, hatuna deni, na kipimajoto cha kumbukumbu tulichokubaliana kimenunuliwa. Naibu mwenyekiti anahamia Kanada na anajiuzulu kwa moyo mzito. Tunamshukuru kwa kubeba changarawe ya chama kwenye gari lake miaka yote hii. Nafasi yake iko wazi.

Mkutano mkuu utafanyika Jumamosi ya mwisho ya Februari, kabla ya watu kuanza kufungua miti. Kila mmoja alete picha ya mizizi au ya udongo wake, si ya majani. Nami nitaleta udongo wa lile shimo la Butia, bado halijapandwa kitu, tuutazame pamoja kabla sijaamua.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti