Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mapitio ya Ushughulikiaji wa Hitilafu katika Draiva za Mtandao

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za mwaka unaomalizika. Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba nguvu zetu za mapitio zielekezwe mahali pamoja, yaani namna draiva za mtandao (programu zinazoendesha kadi za mtandao) katika kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, zinavyoshughulikia hitilafu, nami nitajikita hapo. Masuala ya fedha na uandikishaji yamo katika taarifa za mweka hazina na katibu.

Baadhi yenu mliuliza kwa nini tuliacha kazi za kuvutia zaidi tukaenda kusoma mistari ambayo kwa kawaida haitekelezwi. Sababu ni hiyo hiyo, kwamba haitekelezwi. Katika mashine isiyo na kasoro kumbukumbu hupatikana, kadi huitika na usajili hukubaliwa, kwa hiyo msimbo wa kushindwa unaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa na jaribio lolote. Siku kumbukumbu inapoadimika, au kadi inapochomolewa katikati ya kazi, ndipo msimbo huo unapoitwa kwa mara ya kwanza, tena ndani ya kerneli, ambako kielekezi kimoja (anwani ya mahali katika kumbukumbu) kisicho sahihi chatosha kuuangusha mfumo mzima.

Sehemu kubwa ya mwaka tuliitumia kwenye funksheni ya probe, ambayo huitwa kifaa kinapotambuliwa. Humo draiva huomba nafasi ya kifaa cha mtandao kwa alloc_etherdev, huwasha saa za maunzi, hutenga pete za DMA (foleni za kumbukumbu ambazo kadi huzifikia moja kwa moja), huomba laini ya kukatiza (njia ya kadi kukiita kichakataji) kwa request_irq, na mwishowe hujisajili kwa register_netdev. Hatua yoyote kati ya hizo inaweza kushindwa, na ikishindwa, yote yaliyotangulia hayana budi kurudishwa kwa mpangilio wa kinyume, kama mtu anavyoshuka ngazi aliyoipanda. Desturi ya kerneli ni kuruka kwa goto hadi kwenye lebo zilizopangwa mwishoni mwa funksheni, na baada ya kusoma draiva nyingi naiona bado kuwa njia iliyo wazi kuliko zote.

Kasoro tulizokutana nazo humo hazikuwa nyingi sana katika msimbo wa awali. Zilikuja baadaye, pale mtu alipoongeza hatua mpya katikati: hatua hiyo ikishindwa, funksheni hurejea papo hapo huku kumbukumbu na laini ya kukatiza zilizokwisha kupatikana zikiachwa, au huruka hadi lebo ya jirani na kuachilia kitu ambacho hakijapatikana bado. Kuna nyingine iliyojificha zaidi, nayo ni kuruka hadi kwenye lebo bila kuweka namba ya hitilafu katika kigeu kinachorejeshwa. Kila kitu huachiliwa ipasavyo, kisha funksheni hurejesha sifuri. Kerneli huamini kwamba kifaa kimefungwa salama kwenye draiva yake, na siku kinapoondolewa hugusa kumbukumbu ambayo si yake tena. Kwa sababu hiyo kamati ya mapitio iliagiza kwamba msomaji asitosheke na mistari iliyobadilishwa na kiraka (badiliko la msimbo linalopendekezwa), bali aifungue funksheni nzima na kuisoma kutoka chini kwenda juu. Najua agizo hilo liliwachosha wengi, na bado ninaliunga mkono kikamilifu.

Thamani zinazorejeshwa zilitupa kazi nyingine. Kerneli huonyesha hitilafu kwa namba hasi, kama vile -12 kwa kukosekana kwa kumbukumbu, lakini baadhi ya funksheni hurejesha kielekezi tupu, na nyingine huificha namba ya hitilafu ndani ya kielekezi chenyewe, ambayo lazima ipimwe kwa IS_ERR. Anayepima utupu mahali pa IS_ERR hupitisha kielekezi bandia kana kwamba ni halali. Vilevile tuliona namba ya laini ya kukatiza, inayotoka kwa platform_get_irq, ikihifadhiwa katika kigeu kisicho na alama (kisichoweza kubeba namba hasi) kisha kuulizwa kama ni chini ya sifuri. Swali hilo haliwezi kamwe kujibiwa ndiyo.

Njia ya kutuma paketi ina sheria zake, na hapa naomba umakini wa pekee. Anwani inayotoka kwa dma_map_single, ambayo huiwekea kadi ramani ya kuifikia paketi, hupimwa kwa dma_mapping_error, wala hailinganishwi na sifuri, kwa kuwa katika baadhi ya majukwaa sifuri ni anwani halali. Paketi yenye vipande kadhaa ikikwama kwenye kipande cha tatu, viwili vya mwanzo lazima viondolewe ramani. Kisha paketi huachiliwa, hesabu ya zilizotupwa huongezwa, na funksheni hurejesha NETDEV_TX_OK. Draiva inayoachilia paketi halafu ikarejesha NETDEV_TX_BUSY inaiambia kerneli irudishe kwenye foleni kitu ambacho hakipo tena, na matokeo yake ni hatari kuliko kupotea kwa paketi moja, ambayo itifaki za juu zimezoea kuituma upya.

Palikuwa na mjadala mkali miongoni mwetu kuhusu funksheni za devm, zilizoingia katika kerneli mwaka 2007, ambazo huachilia rasilimali zenyewe. Zimepunguza makosa mengi, sikatai. Hata hivyo rasilimali hizo huachiliwa baada ya funksheni ya remove, inayoitwa kifaa kinapoondolewa, kumaliza kazi yake. Draiva iliyoomba laini ya kukatiza kwa devm lakini ikauachilia muundo wa kifaa cha mtandao kwa mkono kupitia free_netdev huacha muda ambamo kadi inaweza kukatiza na kugusa muundo uliokwisha kuachiliwa. Msimamo wa kamati ni kwamba njia hizo mbili zisichanganywe bila mwandishi kueleza mpangilio wa kuachilia.

Lazima pia niseme juu ya viraka vya kurekebisha, kwa maana vingine vilileta madhara mapya. Funksheni ya device_register ikishindwa, kifaa hurudishwa kwa put_device, na anayekiachilia kwa kfree huvunja hesabu ya marejeo (idadi ya wanaokitumia). Kwa upande wake, pm_runtime_get_sync, ambayo hukiamsha kifaa, huongeza hesabu ya matumizi hata inaposhindwa. Ndiyo maana mwaka 2020 iliongezwa pm_runtime_resume_and_get, ambayo huirudisha yenyewe. Vifaa vya kuchunguza msimbo kama Smatch na Coccinelle hugundua mengi, lakini havijui mkataba wa kila funksheni, na kiraka kilichoandikwa kwa kufuata onyo peke yake hakikupata idhini yetu.

Nawashukuru kwa dhati wanachama waliosoma draiva za kadi za zamani wasizo nazo, kwa kuwa kazi hiyo haionekani na haipigiwi makofi.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili. Kwanza, kila kiraka cha njia ya hitilafu kieleze jinsi kushindwa kulivyochochewa, kwa mfano kwa failslab, ambayo hulazimisha maombi ya kumbukumbu kushindwa, huku KASAN na kmemleak, zinazogundua matumizi mabaya na uvujaji wa kumbukumbu, zikiwa zimewashwa; pasipowezekana, mwandishi aseme wazi kwamba amesoma tu bila kujaribu. Pili, tuhamie kwenye njia za kulala na kuamka kwa kifaa pamoja na kuanzishwa upya baada ya ndo_tx_timeout (inayoitwa utumaji unapokwama), ambako pete zile zile hutengwa mara ya pili mfumo ukiwa tayari unafanya kazi. Orodha ya draiva zinazopendekezwa itagawiwa na katibu kabla ya kura.