Shukrani kwa kaka wa Kariakoo, aliyeninusurishia Pentium 4

Kaka uliyekaa kwenye stuli karibu na ngazi, sikukuuliza jina, na hilo linanikera mpaka leo. Asante sana.

Nilikuja na madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya mwaka 2002, ya soketi 478, yaani tundu la prosesa ya Pentium 4. Fremu ya plastiki inayoshikilia feni ya prosesa ilikuwa imekatika sikio moja, na mafundi wawili walishaniambia niitupe. Wewe ukachomoa bodi iliyokufa kwenye boksi lako. Ulivuta kwanza pini za katikati ya vifungo vya fremu, zote nne, ndipo ukabana vijino kwa chini, fremu ikatoka nzima. Kumbe mimi yangu nilikuwa naing'oa kwa bisibisi!

Ukanionya pia: kabla ya kutoa feni, niwashe mashine kidogo ili ile krimu iliyo kati ya feni na prosesa ilainike, kisha nizungushe feni taratibu. La sivyo prosesa hung'oka na feni hukohuko ilikofungwa, miguu yake ikapinda. (Yangu mitatu ilishapinda. Uliinyoosha kwa kadi ya benki, bila hata kunisema.)

Hela ulikataa, ukakubali chai tu. Mashine inawaka, kaka. Binti yangu anaichezea karata kila jioni.