Trela siyo kabini, msiwaambie watu walale kwenye deki ya magari

Mhariri, salamu kwako na kwa wenzako wote hapo gazetini.

Nimesoma ile makala yenu ya safari za kiangazi Kanada, ile ya familia kukodi trela la kulala na kuvuka nalo bahari mpaka kisiwa cha Newfoundland, na sehemu kubwa imenifurahisha maana sisi tunaoishi huku Halifax kila ikifika mwezi wa saba tunapokea ndugu kutoka Dar, Mombasa na hata Muscat na wote wanauliza hayo hayo. Ila kuna aya moja imenikosesha raha kabisa, ile inayosema usitupe hela kwenye kabini (chumba cha kulala melini), vitanda unavyo tayari ndani ya trela, jifungieni humo mlale mpaka asubuhi. Jamani hapana. Hiyo aya iondoeni, na naomba mnipe nafasi nieleze kwa nini.

Feri za Nova Scotia na Newfoundland zinaendeshwa na Marine Atlantic, shirika la serikali kuu ya Kanada. Ukishaegesha gari na trela lako kule chini unapanda juu na abiria wenzako, meli ikiondoka deki ya magari inafungwa, hakuna kubaki wala kushuka kuchukua kitu mpaka mtangaziwe kwamba mmefika. Hiyo ni sheria, haina kubembelezana na mfanyakazi. Na mwendo wenyewe ni mrefu, North Sydney upande wetu wa Nova Scotia hadi Port aux Basques upande wa Newfoundland ni kama kilomita 178, masaa 7 hivi bahari ikiwa imetulia, na ile ya Argentia, bandari nyingine ya Newfoundland, ambayo inafanya kazi kiangazi tu ni kama kilomita 520, masaa 16. Sasa mtu kafika bandarini usiku na mama mzee na watoto, hana kabini kwa sababu gazeti limemwambia haihitajiki, na mwezi wa saba na wa nane kabini zinaisha mapema sana. Mama wa watu atakesha kwenye kiti.

Nahisi najua mwandishi wenu hilo kalitoa wapi. Baadhi ya meli za kati ya Italia na Ugiriki kweli zimekuwa zikiuza huduma ya kulala ndani ya kempa (gari la kulala), lakini kule ni miezi ya joto tu, magari yanawekwa kwenye deki iliyo wazi inayopitisha hewa, na tiketi ya namna hiyo unaikata hivyo tangu mwanzo. Huwezi kuichukua ukaihamishia Atlantiki ya kaskazini kwenye deki iliyofungwa.

Alafu kuna mazoea yetu wenyewe. Pale Likoni wengi tunakaa ndani ya gari zile dakika chache za kuvuka, tunaona kawaida, na hata baada ya Septemba 2019 pale gari lilipoteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri likazama na mama na mwanae ndani, bado watu wanakaa. Sasa chukua mazoea hayo uyapeleke kwenye safari ya usiku kucha, mmelala, chini kabisa ya meli, milango imefungwa, kuna malori yenye majokofu yananguruma pembeni yenu. Deki ya magari ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuwa wakati wa hatari. Wanaofuatilia mambo ya Bahari ya Shamu wanaikumbuka Al-Salam Boccaccio 98, Februari 2006, ilikuwa inatoka Duba Saudia kwenda Safaga Misri, moto ulianzia kwenye magari, wakamwaga maji kuuzima, maji yakashindwa kutoka yakajaa kwenye deki, meli ikalala upande ikazama na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Na Februari 2022, feri ya Euroferry Olympia iliwaka moto karibu na kisiwa cha Corfu, Ugiriki, watu 11 walifariki, na madereva waliosalimika walieleza kwamba wenzao walikuwa wamelala ndani ya malori yao kwa sababu kabini hazikuwatosha. Nikisoma habari kama hiyo halafu nione gazeti langu ninalolipenda linashauri familia zilale chini, roho inaniuma.

Tena hilo trela lina mitungi ya gesi! Makala haikugusa gesi hata kwa mstari mmoja. Gesi ya propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipai juu ikapotea, inatambaa chini sakafuni inajikusanya, na kwenye deki iliyofungwa cheche moja ya umeme inatosha. Kwa hiyo kabla hujafika foleni ya feri funga koki ya kila mtungi, koki ya mtungi wenyewe, siyo ile swichi ya jiko tu, na uzime friji kama inatumia gesi maana friji nyingi za matrela ndani kuna kamoto kadogo kanawaka muda wote na watu wanakasahau kwa sababu hakaonekani. Chakula hakitaharibika ukiwa umekigandisha siku moja kabla na mlango usifunguliwe, kwa masaa 7 hakuna shida, kwa ile ya 16 weka barafu kwenye kibaridi. Petroli ya akiba kwenye dumu usibebe mpaka umewauliza watu wa feri. Zima na alamu ya gari, meli ikianza kuyumba inalia mpaka betri inakufa, na asubuhi wewe ndo umewazibia njia walio nyuma yako. Hendibreki vuta, vitu vya makabatini fungia, hasa vyombo.

Kitu kikubwa zaidi ni begi la kupanda nalo juu, hili naliambia kila mgeni. Ukishapanda ngazi umeachana na trela mpaka mwisho, kwa hiyo dawa za presha na sukari za wazee, maziwa na nepi za mtoto, sweta, blanketi, chaja, vidonge vya kichefuchefu (hivyo unavimeza kabla meli haijaondoka, ukishaanza kutapika umechelewa), vyote viwe mkononi. Na weka vya ziada, maana mlango wa bahari wa Cabot, huo ambao feri inauvuka, una upepo mkali na meli inaweza kuchelewa au kusubiri nje ya bandari.

Kuhusu bei, ni kweli kabini ni gharama na siwalaumu watu kutafuta unafuu. Lakini unafuu upo sehemu nyingine. Kinachopandisha bei ni urefu, gari na trela vinapimwa kwa pamoja kuanzia bampa ya mbele mpaka mwisho kabisa, na rafu ya baiskeli ikiwemo, ukipita futi 20 unalipia kila futi inayozidi. Kwa hiyo kodi trela fupi, au vuka na gari tupu ukodi huko huko ng'ambo, hela inayobaki ikate kabini ya wazee na vijana walale kwenye viti.

Na makala inaishia bandarini kana kwamba ukishuka mambo yameisha, wakati hapo ndo mwenye trela aanze kuwa makini. Ukitoka Port aux Basques muda si mrefu unapita sehemu inaitwa Wreckhouse, upepo unashuka kutoka milimani kwa nguvu ya kusukuma mabehewa ya treni nje ya reli, mpaka shirika la reli lilimlipa mkazi mmoja wa pale, Lauchie MacDougall, kazi yake kunusa upepo na kupiga simu kuzuia treni. Reli haipo tena, upepo upo, na trela tupu jepesi linapinduka. Angalia utabiri wa upepo, wakisema mkali kaa mjini usubiri, hakuna aibu.

Kurudi pia kuna jambo. Udongo wa Newfoundland una magonjwa ya viazi ambayo Kanada bara hawayataki, kwa hiyo viazi, mimea yenye mizizi na udongo havitoki kisiwani, na magari yanakaguliwa na kuoshwa kabla ya kupanda meli. Osha matairi na chini ya trela kabla hujafika bandarini.

Mhariri, naomba mrekebishe kwanza ile ya mtandaoni, ndiyo watu wanatumiana kwenye magrupu ya WhatsApp na wengine wameshalipia trela za mwezi wa saba. Hata mkifuta ile aya peke yake mkaweka sentensi mbili, kwamba deki inafungwa na gesi inazimwa, nitashukuru sana.

Msomaji wenu,
Halifax, Kanada